Fundi, Mchunguzi na Mwalimu: Kazi Tatu za Anayefundisha Nguo

Sokoni Mubi, kwenye barabara kuu itokayo Bukavu kwenda Kisangani, hakuna bidhaa inayovuta macho ya akina mama kuliko vitenge, au bikwembe kama tusemavyo wengi wetu. Kuna vya ndege, vya maua, vya taa, vya macho na vya vidole. Mama huchagua, hupapasa, huuliza bei, hurudisha, huuliza tena, mwisho huondoka na kimoja begani. Lakini mara chache twamsikia akiuliza: Ni nani aliyeichora nakshi hii? Naye alifundishwa na nani?

Jibu la swali hilo latupeleka mbali. Vitenge vya nta vilianza kwa kuigwa batiki za kisiwa cha Java. Waholanzi waliigeuza kazi ile ya mkono kuwa kazi ya mashine, na kiwanda cha Vlisco, kilichoanzishwa katika mji wa Helmond mwaka 1846, kingali chauza nakshi zake Afrika hata leo. Vingine vyatoka Uchina. Karibu nasi zaidi, huko Kisangani, ambako barabara ipitayo Mubi yafikia, kiwanda cha SOTEXKI kilianza kutengeneza vitenge katika miaka ya 1970. Hata hivyo, nguo nyingi tunazoziita za kwetu, tunazozivaa harusini na siku ya Pasaka, zilichorwa na mtu ambaye hajapata kuusikia mto Lowa.

Hatusemi hayo kwa kuwalaumu wachoraji wale. Wengi wao ni hodari, na kazi yao twaipenda. Twasema kwa sababu ya watoto wetu. Katika shule nyingi za Kongo kuna sehemu ya kukata na kushona. Humo binti hujifunza kupima kiuno, kukata kwa karatasi, kushona mkono wa nguo usivutike. Ni elimu njema, nayo imelisha nyumba nyingi zilizofiwa na baba. Lakini kuibuni nguo yenyewe, yaani nyuzi zake, rangi zake na nakshi zake, ni elimu nyingine, na walimu wake kwetu ni haba kuliko mafundi wa saa. Tena walimu hao, popote walipo duniani, wana taabu moja: wavutwa na kazi tatu kwa pamoja. Wapaswa kuwa mafundi wanaotengeneza kazi mpya kwa mikono yao. Wapaswa kuwa wachunguzi wanaotafuta habari za nguo za kale na za sasa. Tena wapaswa kuingia darasani kila asubuhi kuwafundisha wana wa watu. Siku ya mwalimu yagawanyikaje, basi?

Wazazi wengine wanalo jibu tayari. Wasema: “Twamlipa afundishe, hatumlipi ashone nguo zake. Na hao wazee anaokwenda kukaa nao vijijini, ana kazi gani kwao?” Maneno hayo hayatoki katika moyo mbaya. Mzazi aliyeuza mafuta ya mawese, au aliyebeba mzigo kwa mgongo kutoka machimboni ili apate karo ya shule ya sekondari, ana haki ya kujua saa za mwalimu zinakwenda wapi. Lakini kabla ya kumhukumu yafaa tujue kazi yake ni ya namna gani, maana si sawa na ya mwalimu wa hesabu. Saba mara nane ni hamsini na sita, leo na kesho, hata kama mwalimu hajahesabu kitu nyumbani kwake kwa mwaka mzima. Mwalimu wa nguo sivyo. Mkono usiofanya kazi hupoteza wepesi wake. Rangi aliyoichanganya vizuri zamani itamgeuka mbele ya wanafunzi, kwa kuwa maji ni mengine na nyuzi ni nyingine. Tena mwanafunzi wa ufundi hasikilizi kinywa cha mwalimu kama anavyoutazama mkono wake.

Maandiko Matakatifu yalikwisha kulinena jambo hili kwa njia yao. Katika kitabu cha Kutoka, Musa awaambia Waisraeli habari za Besaleli na Oholiabu, mafundi wa hema la Bwana. Mungu aliwajalia akili ya kubuni nakshi, akawajalia mikono ya kuzitenda, katika dhahabu, katika mti, katika nyuzi za rangi ya samawati na nyekundu. Tena akatia ndani ya mioyo yao uwezo wa kuwafundisha wengine. Mara nyingi husomwa upesi, kwa sababu sura zile zina vipimo vingi vya mapazia. Lakini tazameni: kubuni, kutenda na kufundisha vyatajwa pamoja, kwa watu wale wale, wala Musa hakuweka mtu mmoja wa kushona na mwingine wa kusimama ubaoni.

Sasa tuvuke mpaka, twende Kampala, maana huko yuko mwalimu ambaye maisha yake yaweza kutuonyesha mambo haya kwa uwazi. Margaret Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akajifunza sanaa London katika shule ya Slade, kisha akajifunza ualimu. Mwaka 1929 alifika Kenya pamoja na mumewe, daktari Hugh Trowell, na mwaka 1935 wakahamia Uganda. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mwanglikana mwenye imani, na mumewe alipozeeka alipewa upadri katika kanisa lao. Bibi huyu aliona kwamba shule za Afrika zilifundisha kusoma na kuandika, lakini mikono ya watoto iliachwa nje ya mlango. Mwaka 1937 alianza kufundisha wanafunzi wachache tu, na kutokana na mbegu ile ikaota shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hata leo yaitwa kwa jina lake.

Jambo la kuangalia ni jinsi alivyozipanga kazi zake. Mwaka ule ule wa 1937 alitoa kitabu juu ya kazi za mikono za Waafrika na namna ya kuzikuza shuleni. Yaani hakungoja awe mwalimu mzee ndipo aanze kuchunguza. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili alikuwa pia mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, akawa na vikapu, vyungu, ngao na nguo za magome mikononi mwake, na wanafunzi wake karibu. Mwaka 1953, pamoja na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa ala za muziki, alichapa kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda: yeye aliandika juu ya nyumba, ususi, ufinyanzi, nguo na silaha, na mwenzake juu ya ngoma na zeze. Alipoacha kazi Makerere mwaka 1958 hakukaa kimya. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya nakshi za Afrika.

Twaweza kuuliza: Mwanamke huyu alipata wapi saa? Mama mwenye nyumba, mwenye watoto, mwenye darasa, mwenye makumbusho? Sisi twaona kwamba siri yake haikuwa kugawanya siku katika vipande vitatu kama mtu akataye mkate. Kazi moja aliifanya imtumikie mwenzake. Kikapu alichokitafuta kwa ajili ya makumbusho alikuwa nacho pia cha kuwaonyesha wanafunzi. Swali ambalo mwanafunzi aliuliza lilimpeleka kwa fundi aliyekisuka. Majibu ya fundi yaliweza kuingia kitabuni. Hivyo saa moja ilizaa mara tatu.

Tusimfanye malaika, lakini. Wengine waliokuja baada yake walimlaumu kwamba aliwachelewesha wanafunzi wasione sanaa za mataifa mengine, kwa hofu kwamba wangeacha ya kwao. Cecil Todd, aliyemrithi, aliugeuza mtindo. Akafundisha historia ya sanaa ya dunia na elimu ya rangi kama ilivyofundishwa Ulaya. Ubishi huo haujaisha Makerere wala kwingineko, na sisi hatutaumaliza katika ukurasa huu. Latosha kusema kwamba mwalimu achunguzaye mambo ya kale yuko katika hatari ya kuyapenda mno, hata akamfungia mtoto dirisha.

Mfano wa pili ni wa Makerere hiyo hiyo, nao watugusa sisi watu wa msitu zaidi. Waganda wana mti uitwao mutuba, wa jamii ya mikuyu, ambao gome lake la ndani hugeuzwa kuwa nguo. Kazi yenyewe ni hii. Wakati wa mvua, fundi hulikwangua gome la nje, hukata duara juu na duara chini ya shina, hupasua mstari mmoja kati yake, kisha hulibandua gome zima kwa kabari ya mgomba. Shina lililobaki uchi hufungwa kwa majani ya migomba, kama mgonjwa anavyofungwa kidonda, na gome jipya huota; mti mmoja huweza kutoa nguo mwaka baada ya mwaka. Gome lililobanduliwa hulainishwa kwa moto na mvuke, kisha hupigwa juu ya gogo kwa nyundo za mti zenye mifuo: kwanza nyundo ya mifuo mipana, baadaye ya mifuo myembamba, mwisho ile iliyo laini kuliko zote. Kibanda cha kupigia kina kivuli ili gome lisikauke kabla ya wakati wake. Kwa mapigo hayo gome hupanuka mara kadhaa kuliko upana wake wa kwanza. Likianikwa juani hupata rangi ile nyekundu ya udongo wa kichuguu. Hakuna uzi, hakuna sindano, hakuna kitanda cha mfumi.

Nguo hii ilivaliwa na wakubwa na wadogo, mpaka kaniki na marekani zilipoletwa na misafara ya wafanya biashara katika karne ya 19, ndipo ikaanza kushuka. Ikabaki ya kuzikia wafu na ya sherehe za jumba la Kabaka, na Wakristo wengi waliikwepa kwa kuiona kama nguo ya matambiko. Siku ya tarehe 31 Julai 1993, Kabaka Ronald Mutebi alipotawazwa, watu waliiona tena hadharani kwa heshima. Mwaka 2005 UNESCO ikaitangaza kuwa urithi wa wanadamu wote.

Mwaka huo huo wa 2005, mwalimu wa Makerere, Bibi Venny Nakazibwe, alimaliza uchunguzi wake wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza, juu ya nguo ya magome ya Waganda tangu mwisho wa karne ya 18 hata mwanzo wa karne ya 21. Fikirini kazi ya mwalimu wa namna hiyo. Asipochunguza, atawaambia wanafunzi kwamba nguo ya magome ni kitu cha kale kilichokufa, kama wengi walivyosema. Akichunguza, aona kwamba haikufa. Ilikuwa yabadilika kila wakati, rangi, matumizi na wavaaji. Na hapo mwanafunzi naye hupata ruhusa ya kuibadilisha: kuitia rangi, kuichapa nakshi, kuishona mkoba au taa ya mezani. Uchunguzi wa mwalimu ulimfungulia mwanafunzi mlango wa kubuni. Mzazi asemaye kwamba kukaa na wazee ni kupoteza saa, na alifikiri jambo hili.

Mfano wa tatu tuutwae katika nchi yetu wenyewe, huko Kasai, kwa Wakuba. Huko nguo hufumwa kwa nyuzi za mwale, mti ule wa mabondeni ambao wengi huuita rafia. Wanaume huchana majani machanga, hutoa nyuzi, hufuma vipande ambavyo urefu wake hauzidi urefu wa jani lenyewe. Wanawake huvitwanga kinuni vilainike, huvitia rangi kwa unga mwekundu wa mti, kisha huvitarizi. Kwa kazi ile iliyo bora kuliko zote, sindano hupitisha uzi chini ya nyuzi za nguo, kisu hukata ncha zake, na nywele fupi husimama kama mahameli. Wala uzi haufungwi fundo. Kipande kimoja cha mraba chaweza kumla mama miezi mingi.

Kwa Wakuba, nakshi ni jambo la enzi. Mfalme mpya alitazamiwa kuleta nakshi mpya yenye kulichukua jina lake. Yasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme pikipiki, wakidhani atastaajabia injini. Mfalme hakujali injini. Alistaajabia alama iliyoachwa na gurudumu mchangani, akaamuru inakiliwe, nayo ikapewa jina lake. Sisi hucheka tusikiapo habari hii, lakini yatufundisha kwamba jicho la mbunifu hutafuta chakula chake mahali ambapo wengine hawatazami.

Tena kuna jambo jingine, ambalo litawapendeza walimu wa hesabu. Mwanahesabu mmoja, Donald Crowe, alizichunguza nakshi za Wakuba na kuchapa maneno yake mwaka 1971. Hesabu yasema kwamba mstari wa nakshi yenye kujirudia waweza kupangwa kwa njia 7 tu, na uwanja mzima wa nakshi kwa njia 17 tu. Hapana ya 8 wala ya 18. Crowe aliona katika kazi za Wakuba njia zote 7 za mstari, na njia 12 katika zile 17 za uwanja. Akina mama wale hawakuwa wamesoma kitabu cha jometri. Walizitafuta kwa sindano.

Basi mwalimu wa nguo aliye na habari hizi aweza kufanya nini? Aweza kuwapa wanafunzi karatasi ya miraba na kuwaambia watafute hizo njia 7 wao wenyewe, kwa kalamu, kisha kwa uzi. Hapo amefundisha hesabu, amefundisha historia ya Kongo, amefundisha kubuni. Naye akichora pamoja nao, na kazi yake mwenyewe imesogea. Ndiyo ile saa izaayo mara tatu, tuliyoiona kwa Bibi Trowell.

Hapa tuseme neno ambalo huenda litawachoma wengine. Misheni zetu zilifanya mema mengi kwa ufundi. Bruda Marc-Stanislas, wa shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo, alianzisha shule ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi mwaka 1943. Mwaka 1949 ikahamia Léopoldville, na mwaka 1957 ikawa Chuo cha Sanaa ambacho mpaka leo kiko Kinshasa. Huko uchongaji ulipata heshima, na mchongaji akaitwa msanii. Nguo je? Mara nyingi sana nguo ziliachwa zifundishwe wasichana kama kazi za nyumbani: kushona, kuzima matundu, kutarizi kitambaa cha altare kwa nakshi iliyotoka Ulaya. Masista waliofundisha walifanya kazi kwa upendo, na vitambaa vyao vilikuwa safi kupita kiasi. Lakini mawazo kwamba nguo ni jambo la wanawake wanaongoja kuolewa yalikita mizizi, ingawa Kasai wafumaji ni wanaume na Buganda wapigaji wa magome ni wanaume. Kwa sababu hiyo mwalimu wa kukata na kushona hata leo hatazamiwi kubuni wala kuchunguza. Atazamiwa awe na mashine, mkasi na subira.

Iko hatari ya upande wa pili, nayo haifai kufichwa. Mwalimu aliye fundi huja kuombwa kazi: sare za shule, nguo za kwaya, vitenge vya sikukuu ya wanawake tarehe 8 Machi. Fedha huingia, na mshahara wa mwalimu wajulikana ulivyo. Pole pole darasa lageuka kiwanda. Wanafunzi washona mifuko mia ile ile, wiki baada ya wiki, na mwalimu asema kwamba ni mazoezi. Siku tatu za kwanza ni mazoezi kweli. Baada ya hapo ni utumishi bila ujira. Tumewahi kuona wasichana waliomaliza miaka yao ya shule wakijua kushona kola moja tu, lakini kuishona upesi ajabu. Hapo wazazi wana haki ya kunung'unika, tena kwa sauti. Kazi ya fundi imekula kazi ya mwalimu, na uchunguzi haukualikwa hata mezani.

Na uchunguzi nao waweza kuwa mwizi. Yuko mwalimu aendaye kwa mzee na daftari, humnyonya maneno siku mbili, huondoka, huandika, hupata cheo. Mzee habaki na kitu, hata karatasi yenye jina lake. Mwingine huichukua nakshi ya ukoo fulani, huichapa juu ya vitambaa vya kuuza, bila kuomba ruhusa. Desturi zetu zina njia ya kumwendea mzee: hufiki mikono mitupu, hukai kabla ya kukaribishwa, wala huulizi la tatu kabla ya kusikiliza la kwanza mpaka mwisho. Mchunguzi mwenye adabu hizo ataambiwa mengi. Tena arudi. Kurudi na nguo iliyotengenezwa kwa maneno ya mzee, na kuiweka mikononi mwake aipapase na kuikosoa, ni uchunguzi pia, labda ulio bora kuliko ule wa kwanza. Mzee asiyeweza kueleza kwa maneno ataonyesha kosa kwa kidole.

Sasa turudi Mubi. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, mawe ya bati ya Bisie, msituni upande wa wilaya ya Walikale, yamewavuta vijana wengi. Vita navyo vimepita mara nyingi. Mwezi wa Machi 2025 vilifika hata Walikale-kati. Familia zimehama na kurudi, na kuhama tena. Katika mahamaji ya namna hiyo mtu hubeba sufuria, godoro na mtoto; nyundo ya kupigia magome haibebwi, na mzee aliyejua kuitumia hawezi kwenda mbio. Babu zetu wa misitu ya mashariki ya Kongo walivaa magome na kufuma mwale kabla ya kitenge kufika, na wengine wao waliacha watoto ambao waliona kazi hiyo kwa macho. Watoto hao sasa ndio wazee wetu. Kila mmoja afaye, zafa pamoja naye habari za mti gani hufaa, za mwezi gani gome hutoka bila kuraruka, za majani gani hutoa rangi nyeusi.

Kwa hiyo swali la saa za mwalimu si la vyuo vikuu vya Kampala na Kinshasa tu. Tuseme kuna mwalimu mmoja wa kushona katika mji kama Mubi, mwenye wasichana arobaini na mashine nne. Kumwambia awe Bibi Trowell ni kumdhihaki. Lakini kamati ya wazazi yaweza kukubali mambo machache. Yaweza kukubali kwamba alasiri moja ya kila juma si ya somo wala ya kazi za kuombwa: ni ya mwalimu kutengeneza kitu ambacho hajapata kukitengeneza, mlango ukiwa wazi, wanafunzi wakitazama kama wapendavyo. Yaweza kukubali kwamba likizo moja ya mwaka aitumie kwa wazee, na kwamba fedha kidogo ya sabuni na chumvi ya kuwapelekea isihesabiwe kuwa ubadhirifu. Kwa upande wake mwalimu naye aandike mbele yao ni kazi ngapi za kuombwa darasa litapokea kwa muhula, na sehemu gani ya fedha itawarudia walioshona.

Wazazi wengine watauliza: faida iko wapi? Twajibu kwa bei ya sokoni. Binti ajuaye kushona tu hushindana na kila mwenye mashine barabarani, na zaidi ya hao hushindana na mitumba. Binti aliyeweza kutengeneza nakshi isiyopatikana penginepo hana mshindani mpaka aigwe. Naye akiigwa, atabuni nyingine, maana amefundishwa na mtu aliyemwona akibuni. Hatuahidi utajiri. Mwale na gome havitashindana na kiwanda kwa urefu wa nguo. Lakini pazia la tabernakulo, mkoba wa bibi arusi, kitambaa cha ukutani cha mgeni atokaye mbali, vyote hivyo hununuliwa kwa upekee wake, havinunuliwi kwa mita.

Kwa mwalimu atakaye kuanza bila kungoja kamati, daftari moja la miraba latosha. Ukurasa wa kushoto aandike yale aliyoambiwa, jina la aliyesema, kijiji na tarehe. Ukurasa wa kulia achore yale aliyoyajaribu mwenyewe, hata yaliyoharibika, na abandike kipande chake kwa gundi. Daftari likae juu ya meza ya darasa, mahali ambapo wanafunzi huweza kulifungua. Na kama ni magome atakayoanza nayo, aende kwa mzee sasa kuuliza habari za mti, ili mvua zikija awe amekwisha kuonyeshwa ulipo.